Barua ya Diski ya E

Sajini Abdulazizi aliitoa karatasi kwenye jalada, akaiweka juu ya meza ya kituo cha polisi cha Newala na kuilainisha kwa kiganja.

"Ndiyo hii, afande. Barua ya mwisho ya marehemu."

Inspekta Fakihi Namkunda hakuigusa. Alikuwa ametoka Mtwara alfajiri kwa Land Rover ya polisi, na vumbi la Tandahimba bado lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Jalada la kifo cha Anselmo Chikoti, mpimaji wa maji, lilikuwa limefika mkoani likiwa na neno moja la wino mwekundu: *lifungwe*. Mkuu wa upelelezi alilisoma mara mbili, kisha akamsukumia Fakihi. "Mtu amejiua, ameacha barua, na barua haina sahihi," alisema. "Nenda ukaione kabla sijaweka mhuri."

Sasa alikuwa anaiona. Ilikuwa karatasi moja, imechapwa kwa mashine ya kompyuta, herufi zake za nukta nukta. Katikati yake palikuwa na maneno yaliyonukuliwa katika jalada: *Maji ya kisima cha Nang'andi niliyapima mimi, nikayapitisha mimi, na watoto wawili wamekufa. Siwezi kuishi na jambo hili.* Chini kabisa, pembeni, palikuwa na mstari wa herufi ndogo ambao jalada halikuutaja.

E:BARUA1 01-01-80 03:12

"Huu mstari ni nini?"

"Mashine ya ofisi yao ndiyo inauweka, afande. Kila karatasi inayotoka pale ina mstari kama huo. Wafadhili walitaka kujua karatasi imetoka wapi na saa ngapi."

"Na leo ni mwaka wa tisini na tano. Mbona imeandikwa themanini?"

"Mbovu hiyo. Nimekagua karatasi zao kumi. Zote ni tarehe moja mwezi wa kwanza, themanini."

"Saa nayo ni mbovu?"

Sajini alisita. "Saa niliihesabu. Tatu na dakika kumi na mbili kwa saa za kizungu ni tisa na dakika kumi na mbili kwetu. Saa tisa usiku. Mtu hakupata usingizi, akaenda ofisini, akaandika barua yake, akaenda ukingoni mwa jabali, akajirusha. Wanawake wanaoteremka bondeni kuchota maji wakamkuta chini ya jabali Jumatano alfajiri. Amezikwa Ijumaa, bila misa. Padri alikataa."

"Mjane anasemaje?"

"Hana la kusema. Wiki nzima alikuwa kwao Lisekese, anamuuguza mama yake. Alikuja kuzika tu, akarudi."

"Jumanne marehemu alikuwa wapi?"

"Masasi. Alifuata majibu ya maji kwenye maabara. Aliteremka kwenye basi hapa Newala saa kumi na mbili jioni. Utingo anamkumbuka. Baada ya hapo hakuna aliyemwona."

"Alikuwa na mzigo?"

"Mkoba. Haukuonekana. Nadhani waliomkuta waliuchukua."

"Unadhani au uliwauliza?"

Sajini aliangalia dirishani. Nje watu walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba ambalo halikuwa likitoa kitu.

"Usiku wa Jumanne umeme ulikuwepo?" Fakihi aliuliza.

"Ulikatika saa kumi jioni. Ulirudi Jumatano saa moja asubuhi." Sajini mwenyewe alisikia alichokisema. Akaongeza haraka, "Lakini ofisi ile ina jenereta, afande."

"Twende tukaione."

*

Ofisi ya mradi wa visima ilikuwa nyumba ya vyumba vinne nyuma ya soko. Zamani ilikuwa ghala la ushirika. Siku hizi, tangu biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nyumba alikuwa anapangisha kwa kampuni ya korosho au kwa wafadhili. Jenereta ilikaa chini ya kibanda cha bati. Fakihi alifungua tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Kilikuwa kikavu. Alichungulia bomba la moshi. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mdudu mkavu alikuwa ananing'inia katikati.

"Haijawaka hii tangu Idi," mlinzi alisema. "Dizeli haijaletwa."

Fakihi alimtazama Sajini. "Basi hakuna aliyeandika kitu humu saa tisa usiku."

"Basi ni saa tatu na dakika kumi na mbili za asubuhi," Sajini alisema. "Mashine imewekwa saa za Kiswahili."

"Barua uliletewa saa ngapi?"

Sajini alikuwa amebeba kitabu cha matukio. Alikifungua, akatafuta kwa kidole. "Jumatano. Saa mbili na robo asubuhi."

"Na maiti iliokotwa alfajiri. Saa tatu asubuhi marehemu alikuwa chumba cha maiti." Fakihi alikifunga kibanda cha jenereta. "Twende tukamwone aliyeileta."

Bwana Cuthbert Mpwapwa, naibu mkuu wa mradi, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Aliwakaribisha viti, akaagiza chai, akatoa pole kabla hajapewa. Mkuu wa mradi alikuwa likizo, alisema, na mzigo wote ulikuwa wake.

"Nilifika Jumatano saa moja na nusu," alieleza. "Nilikuwa bado sina habari za msiba. Umeme umerudi, nikawasha kompyuta nitafute ripoti ya Anselmo. Nikaikuta barua ndani ya E. Nikaisoma yote. Nikaichapa, nikaenda polisi."

"Ndani ya E ni wapi?"

"Kuna C na kuna E. Ni kama makabati mawili. Mimi si mtaalamu."

"Siku ya Jumanne ulitumia mashine hiyo?"

"Hapana. Jumanne yote ilikuwa mikononi mwa Flora."

"Sajini aliifuata barua hiyo kwenye mashine, hakuikuta."

Bwana Cuthbert alishusha sauti zaidi. "Baada yangu aliyekaa pale ni Flora. Mwulizeni yeye. Marehemu na Flora walielewana sana, Inspekta. Mkewe alikuwa mbali. Mimi sisemi zaidi ya hapo."

Flora, mpiga chapa, alikuwa chumba cha pili. Alisimama walipoingia, mikono imeshika ukingo wa meza. "Shikamooni."

"Marahaba. Kaa, Mama Dorika," Fakihi alisema, jina hilo alikuwa amelipata kwa mlinzi. "Nani alifuta barua?"

"Sikufuta, mzee. Sikuiona. Niliingia Jumatano saa mbili na nusu, mashine inawaka. Sikukuta barua yoyote. Nilianza kuandika upya ripoti ya visima."

"Kwa nini upya?"

"Ilipotea Jumanne. Umeme ulikatika ghafla saa kumi, nilikuwa sijaihamisha. Bwana Cuthbert alinigombeza sana."

"Hujaihamisha kutoka wapi?"

"Kutoka E. E ni ile ya haraka. Zamani mashine hii ukibonyeza herufi unangoja ndipo ije. Kufungua barua moja unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi. Mwezi wa tatu fundi wa Masasi akaitengeneza, ikawa nyepesi. Akaniambia niandikie E, na kila jioni nihamishie C. Sijui zaidi."

"Jumanne ulikaa hapa kutwa?"

"Ndiyo." Alijibu upesi mno, na macho yake yakakimbilia mlango wa Bwana Cuthbert.

"Hukutoka hata kidogo?"

"Hapana."

Fakihi aliandika jibu hilo, akalipigia mstari. Mwanamke huyu alikuwa anaficha kitu, na hakujua kulificha vizuri. Aliomba faili la nakala za wiki ile. Alizipekua karatasi moja moja, akatoa mbili, akazitia katika bahasha yake. Moja ilikuwa mwaliko wa kikao wa Jumanne. Nyingine ni ripoti ya visima aliyoiandika upya Jumatano.

"Jina la fundi?"

"Adija. Ana kibanda karibu na stendi ya Masasi."

Walipotoka, Sajini alisema, "Ni yeye, afande. Anatetemeka."

"Anatetemeka kwa jambo fulani," Fakihi alisema. "Mwekee mtu wa kumwangalia. Asisafiri."

*

Kibanda cha fundi Adija kilikuwa kati ya muuza mitumba na muuza kaseti. Redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa rafu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, ushungi umefungwa nyuma ya masikio, kijiti cha umeme cha kulehemu nyaya mkononi. Alimsalimia Inspekta kwa heshima, akasoma kitambulisho chake mbele na nyuma, kisha akazima kijiti.

"Mashine ya visima. Naijua, baba. Imeharibika?"

"Nataka kujua uliifanya nini."

"Niliiongezea kumbukumbu." Alivuta sanduku lililokuwa chini ya meza, akatoa bamba la kijani lenye vipande vyeusi vilivyopangwa kama meno. "Kama hili. Nilikuwa na kompyuta ya kampuni ya korosho iliyopigwa na radi. Mashine yenyewe ilikufa, bamba likapona. Nikalihamishia ile ya Newala."

"Ndiyo ikawa nyepesi?"

"Peke yake lisingesaidia. Tatizo la mashine zile za zamani ni diski. Ni sahani inayozunguka, na mkono wa kusoma unatembea juu yake kutafuta. Programu ya kuchapa inaiendea diski kila dakika. Ni kama mpishi ambaye stoo yake iko ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nilichukua kumbukumbu niliyoongeza, nikaiambia mashine kwamba hii nayo ni diski. Nikaipa jina E. Haizunguki, haina mkono. Ukiomba kitu kinakuja papo hapo."

"Kwa nini basi watu wote hawafanyi hivyo?"

"Kwa sababu inashikilia vitu kwa umeme tu. Umeme ukikatika, vilivyokuwa ndani vimekwenda."

Fakihi aliacha kuandika. "Vimekwenda wapi?"

"Havipo, baba. Havikuandikwa popote. Mashine ikiwashwa tena, E inaundwa upya, na mimi nimeiagiza inakili programu ya kuchapa ndani yake, basi. Ndiyo maana nilimsisitizia dada Flora ahamishie C kila jioni."

"Sikiliza vizuri. Umeme umekatika Jumanne saa kumi jioni. Mtu anawasha mashine Jumatano asubuhi. Anaweza kukuta ndani ya E barua iliyoandikwa kabla ya umeme kukatika?"

"Hawezi."

"Mtu mjanja je? Mtaalamu?"

"Hata mimi siwezi."

Fakihi alitoa ile barua, akamwonyesha mstari wa chini tu, sehemu nyingine ameifunika kwa kitambaa. "Na hii?"

Adija aliinama. "E, kwa hiyo ilichapwa ikiwa bado ndani ya E. Tarehe haina maana. Aina ile haina betri ya kutunza saa. Kila ikiwashwa inaanza tarehe moja, mwezi wa kwanza, themanini, saa sifuri."

"Saa sifuri."

"Ndiyo. Kwa hiyo hii si saa ya ukutani. Inakwambia mashine imekaa ikiwaka muda gani. Hapa ilikuwa imewaka kwa saa tatu na dakika kumi na mbili."

Fakihi aliomba kiti. Alitoa bahasha, akazitandaza karatasi za Flora kwenye meza kati ya redio mbili. Kwenye ripoti ya Jumatano Flora alikuwa amegonga mhuri wa ofisi na kuandika kwa kalamu saa aliyoipeleka: saa tatu na dakika arobaini. Mstari wa chini ulisema 02:05. Kwenye mwaliko wa Jumanne aliandika saa sita kasoro dakika kumi. Mstari wa chini: 02:50.

Alihesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Jumatano mashine iliwashwa saa moja na dakika thelathini na tano, kama Bwana Cuthbert alivyosema. Lakini karatasi iliyochapwa saa tatu na dakika arobaini ilionyesha saa mbili tu za kuwaka, na barua iliyofika polisi zaidi ya saa moja kabla yake ilionyesha tatu na kitu.

Jumanne mashine iliwashwa saa tatu kamili asubuhi. Ongeza saa tatu na dakika kumi na mbili.

"Saa sita na dakika kumi na mbili mchana," alisema.

"Samahani, baba?"

"Nakuandikia maelezo yako. Uyasome kabla ya kutia sahihi."

Adija aliyasoma yote, akarekebisha mahali alipoandikiwa "bomba" badala ya "bamba", akatia sahihi.

Maabara ya maji ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa gari. Karani alileta kitabu cha wageni. Anselmo Chikoti alikuwa ameingia Jumanne saa nne na nusu asubuhi na kutoka saa nane mchana, sahihi mbili, mwandiko wa kulala upande wa kushoto. Muda wote huo alikuwa kwenye benchi anangoja majibu, karani alisema, akaazima gazeti, akanunulia watu wawili chai. Nakala ya majibu ilikuwa kwenye faili. Fakihi hakuhitaji mtaalamu kuielewa. Chini pameandikwa: *hayafai kwa kunywa*. Ilikuwa imepigwa mhuri Jumanne hiyohiyo, na kisima cha Nang'andi kilikuwa kimefunguliwa wiki tatu kabla.

"Nani aliruhusu kifunguliwe bila majibu haya?" Fakihi aliuliza.

Karani alifunua karatasi ya nyuma. Ilikuwa barua ya Anselmo ya mwezi uliopita, akiomba maabara iharakishe, *kwa kuwa naibu mkuu amekwisha kutia sahihi kisima kifunguliwe ingawa mimi nimekataa*.

*

Walirudi Newala kesho yake saa tatu. Fakihi alimwita Flora nje, chini ya ukuta wa ofisi, mbali na madirisha.

"Jumanne saa sita mchana hukuwa kwenye mashine, Mama Dorika. Usinijibu haraka kama mara ya kwanza."

Flora alitazama viatu vyake. "Nitafukuzwa kazi."

"Ulikuwa wapi?"

"Lori la maji lilikuja sokoni. Nilikuwa na siku tatu bila maji nyumbani. Nilichukua madumu mawili ya ofisi nikaenda kupanga foleni. Nilitoka saa sita, nikarudi saa nane. Madumu ya ofisi hayaruhusiwi kutoka."

"Mashine uliizima?"

"Ukiizima inachukua muda kuamka. Niliiacha."

"Nani alibaki ofisini?"

"Bwana Cuthbert. Ndiye aliyeniambia niende. Alisema lori lisinipite." Alinyanyua macho. "Baadaye aliponigombeza kwa ripoti nilishangaa hakuyataja madumu."

Fakihi alifunga daftari. Alimwomba aingie naye.

Bwana Cuthbert alikuwa anasoma barua. Safari hii hakuagiza chai. Sajini Abdulazizi alibaki mlangoni. Fakihi alimwekea maelezo yake ya awali mezani, akamwomba ayasome na kutia sahihi kama ni sahihi: kwamba Jumanne hakuigusa kompyuta, kwamba barua aliikuta ndani ya E Jumatano asubuhi na kuichapa hapohapo. Bwana Cuthbert alisoma polepole, akatia sahihi mahali pote palipohitajika.

"Sasa naomba uje chumba cha pili."

Kompyuta ilikuwa inawaka. Flora alikaa, akaandika mstari mmoja, akauhifadhi ndani ya E kwa jina JARIBIO. Fakihi alimwagiza afungue orodha. JARIBIO lilikuwepo. Kisha aliinama mwenyewe, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Alihesabu hadi thelathini kwa sauti, akauchomeka. Mashine ikavuma, ikalia mlio mmoja, ikaanza kujiandaa.

"Fungua E, Mama Dorika."

Programu ya kuchapa ilikuwepo. JARIBIO halikuwepo.

"Chapa chochote."

Printa ilikoroma. Fakihi aliichana karatasi, akamwonyesha Bwana Cuthbert mstari wa chini. 01-01-80 00:03.

"Mashine hizi haziaminiki," Bwana Cuthbert alisema. "Leo inafanya hivi, kesho vile."

"Umeme wa Jumanne ulipokatika, ripoti ya Flora ilikuwa ndani ya E, ikapotea. Uligomba kwa ajili yake. Barua unayosema uliikuta ilikuwa ndani ya E hiyohiyo. Hiyo ilibakije?"

Bwana Cuthbert aliitazama tena karatasi.

"Na Jumatano, mpaka unafika polisi, mashine ilikuwa haijawaka hata saa moja. Barua yako inasema tatu na dakika kumi na mbili. Ilichapwa Jumanne, saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Flora alikuwa kwenye foleni ya maji uliyomtuma."

"Basi marehemu ndiye aliyeiandika Jumanne mchana. Labda aliiacha mezani, mimi nikachanganya."

"Umetia sahihi sasa hivi kwamba uliichapa Jumatano."

"Nilichanganya."

Fakihi alitoa nakala ya kitabu cha wageni wa maabara, akaiweka juu ya kibodi. "Saa sita mchana Jumanne Anselmo alikuwa Masasi. Aliingia saa nne na nusu, akatoka saa nane. Barua yake ya kujiua ilichapwa hapa yeye akiwa kule ananunulia watu chai."

Flora aliweka mkono mdomoni. Bwana Cuthbert alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.

"Bwana Cuthbert Mpwapwa," Fakihi alisema, "hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Mkoba uko wapi?"

Bwana Cuthbert aliinamisha kichwa.

"Chooni," alisema mwishowe. "Choo cha nyuma."

Sajini alitoka. Walimsikia akimwita mlinzi alete mti mrefu.

"Nilitaka karatasi tu," Bwana Cuthbert alisema. "Nilimsubiri pale basi linaposimama. Nikamwambia tutembee kidogo, tuzungumze. Nilimwambia watoto wamekwisha kufa, karatasi haitawarudisha, kisima tutakifunga kimyakimya. Alisema kesho anakwenda kwa mkuu wa wilaya. Akanigeuzia mgongo pale ukingoni. Sikuwa nimepanga."

"Barua uliiandika saa sita mchana."

"Ilikuwa tahadhari."

"Ulijua hatakubali."

"Nilimjua Anselmo," alisema Bwana Cuthbert, na huo ndio mwisho wa maneno yake siku ile.

Fakihi aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa. Sajini Abdulazizi alirudi na mkoba unaochuruzika, ameushikilia mbali na mwili wake. Ndani ya mfuko wa nailoni, majibu ya maabara yalikuwa bado yanasomeka.

*

Siku mbili baadaye Fakihi alipita Lisekese. Land Rover iliishia penye mikorosho. Njia iliyobaki aliikata kwa miguu. Mjane wa Anselmo, Isabela, alikuwa barazani anapepeta mtama, kitambaa cheusi kichwani. Mama yake mgonjwa alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, mlango wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Priska. Hali ya mama?"

"Anakula kidogo."

Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kuruka. Kisima, majibu, basi, ukingo. Alimpa karatasi yenye mhuri wa mkoa ya kumpelekea padri, inayosema kwamba marehemu hakujiua. Isabela aliikunja, akaitia kwenye ncha ya kanga, akafunga fundo. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Hiyo barua mnayosema aliiandika. Naweza kuiona?"

"Hawakukuonyesha?"

"Waliniambia tu kwamba ipo."

Fakihi aliitoa kwenye jalada. Isabela aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza ielekee mwanga. Alisoma mstari wa kwanza, akaacha, akausoma tena kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina asilolijua.

"*Mke wangu mpendwa Isabela.*"

Alimrudishia karatasi. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimimina kwenye ungo juu ya mtama. Zilikuwa barua, nyingi, za kalamu, mwandiko wa kulala upande wa kushoto.

"Tangu Priska azaliwe hajawahi kuniita Isabela," alisema. "Na hakuna barua hata moja aliyoniandikia kwa Kiswahili. Yeye Mmakonde. Alijifunza Kimakua aongee na mama yangu, kisha akawa ananiandikia kwa Kimakua. Anakosea sana. Mama huwa ananiambia nimsomee acheke." Aliinua moja, akaitazama, akairudisha. "Mimi ningewaambia siku ileile ya mazishi kwamba si yake. Hakuna aliyeniuliza."

Kutoka ndani sauti ya mgonjwa iliuliza kwa Kimakua nani amekuja. Isabela alimjibu.

Inspekta Fakihi alivuta kigoda, akakaa. Alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika jina kamili la Isabela na tarehe ya siku ile.

"Nakuuliza sasa, Mama Priska," alisema.